Kiraka Husubiri, Kengele ya Shule Haisubiri



Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Usemi huu akina mama mafundi wanaujua sana. Mkono mmoja umeshika sindano. Mkono wa pili umeshika mambo ya shule. Mteja anataka kazi yake. Mwalimu anataka wazazi mkutanoni. Mtoto anataka daftari. Na mama mwenyewe anataka kwenda kisomo cha jioni. Sasa afanyeje?

Katika makala hii tutaeleza jinsi mama fundi wa kijijini anavyoweza kushika yote mawili, wala lisimponyoke hata moja. Tumechagua kazi moja tu ya ushonaji, nayo ni kushona blanketi la viraka. Mfano wetu tutauweka Magamba. Hii ni Magamba ya Mpanda, katika Mkoa wa Katavi, siyo ile Magamba ya Lushoto. Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Mpanda ilikuwa katika Mkoa wa Rukwa.

Mama fundi tutakayemweleza ni wa mfano tu. Hatukumpa jina, kwa sababu mama wa namna hiyo yuko katika kila kijiji. Huenda ni wewe unayesoma.

BLANKETI LA VIRAKA NI NINI?

Watu wengi wakisikia neno kiraka wanafikiria umaskini. Nguo imechanika, basi umetia kiraka. Hapa sivyo. Blanketi la viraka hutengenezwa kwa makusudi, na likishonwa vizuri hupendeza kuliko shuka la dukani. Kuna neno la zamani, mfarishi, ambalo maana yake ni tandiko nene lililoshonwa kwa tabaka. Ndicho kitu chenyewe.

Blanketi hili lina tabaka tatu:

1. Tabaka la juu. Hili ni la vipande vingi vya kitambaa vilivyounganishwa.

2. Tabaka la katikati. Hili ndilo la kuleta joto. Blanketi kuukuu la mtumba linafaa.

3. Tabaka la chini. Hili ni shuka moja zima au kitambaa kingine kipana.

Tabaka zote tatu hushonwa pamoja ili zisitembee. Basi, hilo ndilo blanketi la viraka.

Vipande hutoka wapi? Hebu nenda kwa fundi cherehani yeyote. Chini ya meza utakuta mabaki ya vitenge, khanga na vitambaa vya sare za shule. Mara nyingi mabaki hayo huishia kwenye moto. Sisi tunasema hiyo ni mali inachomwa.

MAMBO YA SHULE NI YAPI?

Tukisema mambo ya shule hatuna maana ya mtoto kwenda darasani tu. Kwa mama fundi wetu mambo hayo ni matatu.

Kwanza ni watoto wenyewe. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia elimu ya msingi mpaka kidato cha nne. Mwaka 2022 ada ikaondolewa pia katika kidato cha tano na cha sita. Hilo ni jambo kubwa. Lakini sare, viatu, madaftari na kalamu bado ni juu ya mzazi. Pesa ya sindano ndiyo inayonunua vitu hivyo.

Pili ni mikutano. Wazazi huitwa shuleni kuzungumza juu ya chakula cha mchana, majengo, utoro na maendeleo ya watoto. Mzazi asiyefika hupangiwa na wenzake, halafu hulalamika nyumbani peke yake.

Tatu ni kisomo cha mama mwenyewe. Wengi wenu mnajua nchi yetu ilikotoka. Katika sensa ya mwaka 1967, kati ya watu wazima 100, watu 67 hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu walisoma chini ya miembe, makanisani, misikitini na katika ofisi za vijiji. Mwaka 1975 ikaundwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kazi ilifanyika, na watu wengi walijua kusoma. Lakini kujua kusoma ni kama panga. Usipolitumia hushika kutu. Mama aliyefuzu akiacha kusoma miaka miwili mitatu, hata barua ya mwalimu itamsumbua.

KALENDA YA MWAKA

Kosa la mafundi wengi ni kupokea kazi kwa jinsi zinavyokuja. Mama fundi mwerevu huutazama mwaka mzima kwanza. Mwaka una majira ya shamba, majira ya shule na majira ya baridi. Ukiyajua, utajua kazi ipi ifanyike lini.

Novemba mpaka Aprili. Katika sehemu za Mpanda hizi ni nyakati za mvua. Watu wanalima, wanapanda na kupalilia mahindi, karanga na mpunga. Muda wa kushona ni mdogo. Lakini Desemba na Januari ndipo sare zinapotafutwa, maana shule hufunguliwa Januari. Miezi hii mama fundi ashone sare. Viraka avikusanye tu, avifue, avikunje na kuviweka mahali pakavu.

Mei mpaka Julai. Mvua imekwisha na mavuno yanaingia. Usiku wa Juni na Julai kuna baridi. Huu ndio wakati ambao watu wanatafuta kitu cha kujifunika, na mkononi wana pesa kidogo ya mavuno. Basi mablanketi yawe tayari wakati huo. Mwezi wa sita watoto huwa likizo, kwa hiyo mambo ya shule hupungua kidogo.

Agosti mpaka Oktoba. Kiangazi ni kikali. Kazi za shamba ni chache. Lakini Septemba wanafunzi wa darasa la saba hufanya mtihani wao wa mwisho. Kama una mtoto wa darasa la saba, punguza kazi za wateja miezi hii. Mtihani ule anaufanya mara moja. Mteja atarudi.

Hapa kuna hesabu ya kuangalia. Tuseme ni tarehe 1 Desemba, na shule itafunguliwa baada ya siku 35. Mama fundi anaweza kushona sare moja kwa siku. Je, apokee sare 35? Hapana. Aondoe Jumapili 5. Aondoe siku 2 za sikukuu. Aondoe siku 8 za kupanda shambani. Zimebaki siku 20. Basi apokee sare 20 tu. Akipokea 35, watoto 15 watakwenda shule siku ya kwanza na nguo za nyumbani, wengine watalia, na mama fundi atajificha wazazi wao wakipita. Jina la fundi huharibika kwa siku moja, na kulitengeneza tena huchukua miaka.

SIKU MOJA YA MAMA FUNDI

Sasa tuitazame siku yake ya kiangazi.

Saa 11 alfajiri anaamka. Anawasha moto, anapika uji. Watoto wananawa na kuvaa. Saa 12 na nusu wameshatoka. Hapo hagusi sindano hata kidogo. Ukianza kushona kabla watoto hawajaondoka, utasema "nimalizie huu mshono tu", na mtoto ataondoka bila uji.

Saa 1 mpaka saa 4 ni kazi za maji, usafi na bustani.

Saa 4 mpaka saa 5 ni saa ya viraka. Mwanga ni mzuri na nyumba imetulia. Anashona saa moja tu kila siku, lakini haiachi. Kama ana sare au nguo ya mteja, anaendelea nayo mpaka saa 7.

Mchana anapika, anakula na kupumzika kidogo. Kupumzika siyo uvivu. Mgongo wa fundi ni mali kama cherehani.

Saa 10 mpaka saa 11 na nusu, siku za kisomo, yuko darasani na daftari lake. Siku zisizo za kisomo anapeleka kazi kwa wateja au anakwenda kwenye kikundi.

Saa 1 usiku, baada ya chakula, taa inawekwa mezani. Watoto wanafanya kazi za shule. Mama anakaa nao na kusoma gazeti. Watoto wakimwona mama anasoma, nao husoma. Asishone vitu vidogo usiku kwa mwanga wa kibatari. Macho huchoka, mshono hupinda, na kibatari karibu na vitambaa ni hatari ya moto.

Umeona, ndugu msomaji? Kengele ya shule ikilia imelia. Mkutano wa saa 3 ni saa 3. Mtihani una tarehe yake. Lakini kiraka ukikiweka kikapuni leo, kesho utakikuta pale pale, hakikununa wala hakikuoza. Ndiyo sababu tunasema ya shule yapangwe kwanza, na viraka viingie katika nafasi inayobaki. Ukifanya kinyume, kazi ya viraka itakula nafasi yote, na shule itakosa mahali.

HESABU YA VIPANDE

Wengi watauliza, "Saa moja kwa siku itamaliza blanketi lini?" Haya, tuhesabu pamoja. Chukua kalamu.

Tunataka blanketi la upana wa sentimita 160 na urefu wa sentimita 200. Linatosha kitanda cha futi 4 kwa 6 na kuning'inia pembeni. Kila kipande kikishashonwa kiwe na sentimita 20 kila upande. Lakini mshono nao unakula kitambaa, sentimita 1 kila upande. Kwa hiyo kata vipande vya sentimita 22 kwa 22.

Upana: 160 gawanya kwa 20 ni 8.
Urefu: 200 gawanya kwa 20 ni 10.
Vipande vyote: 8 mara 10 ni 80.

Kata karatasi ngumu ya boksi yenye sentimita 22 kila upande. Tumia rula ya mtoto. Karatasi hiyo ndiyo kipimo chako. Iweke juu ya kitambaa, chora kwa chaki, kisha kata. Ukikata kwa kukadiria, vipande havitakutana pembeni.

Kabla ya kukata, fua vitambaa vyote. Kuna sababu mbili. Vitambaa vya pamba vikiwa vipya huweza kurudi, yaani kupungua, vikifuliwa. Tena vingine huchuja rangi. Fua mpaka maji yatoke safi. Usipofanya hivyo, blanketi likifuliwa mara ya kwanza litajikunja, na wekundu utaingia kwenye weupe.

Pia usichanganye kitambaa kizito kama jinzi na kitambaa chepesi kama khanga. Kizito hukivuta chepesi mpaka kikachanika. Na tetroni ya mashati ya shule iangalie sana wakati wa kupiga pasi. Pamba huvumilia pasi ya moto, tetroni hujikunja na kuungua.

Sasa mpango wa kazi ni huu:

Siku ya 1: kukata vipande vyote 80.

Siku ya 2 mpaka ya 21: kushona vipande 4 kila siku. Kila siku mbili unapata mstari mmoja wa vipande 8. Kwa siku 20 unapata mistari 10.

Siku ya 22 mpaka ya 24: kuunganisha mistari. Mistari 10 ina maungio 9, kwa hiyo shona maungio 3 kila siku.

Siku ya 25: kutandika tabaka zote tatu juu ya mkeka. Kitambaa cha chini kiwe na sentimita 170 kwa 210, ili kizidi sentimita 5 kila upande. Nyoosha vizuri, kisha piga bandi, yaani mishono mirefu ya mkono ya kushikilia kwa muda.

Siku ya 26 mpaka ya 30: kushona tabaka zote pamoja kwa kufuata mistari ya vipande. Anzia katikati kwenda pembeni, ili kitambaa kisifanye mafundo. Upande usioshonwa ukunje kama mkeka, upite chini ya cherehani. Mwisho, kunja ile ziada ya kitambaa cha chini ije juu iwe pindo. Kisha toa uzi wa bandi.

Jumla ni siku 30, saa moja kila siku. Hii ni kwa mwenye cherehani. Anayeshona kwa mkono atachukua siku zaidi, lakini mpango ni ule ule. Bandu bandu huisha gogo.

BINTI ASIWE CHEREHANI YA PILI

Hapa tunataka kusema jambo zito.

Mama fundi akizidiwa na kazi, jicho lake humwangukia binti. Binti ana miaka 13. Yuko darasa la sita. Vidole vyake ni vyepesi na macho yake ni mazuri. Mama anasema, "Leo baki nyumbani unisaidie, kesho utakwenda." Kesho inakuwa kesho kutwa. Wenzake wamejifunza sehemu na asilimia, yeye hayupo. Akirudi haelewi. Asipoelewa anaona aibu. Akiona aibu anaanza kutoroka mwenyewe. Wazazi wanasema mtoto hapendi shule. Kumbe shule ilianza kumponyoka siku ile alipozuiwa nyumbani ashone.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka kila mtoto aliyeandikishwa shule ya msingi ahudhurie mpaka amalize. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kuanzia miaka 14 kazi nyepesi tu, isiyomdhuru mtoto wala kumzuia kwenda shule. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, hebu pima mwenyewe. Blanketi moja linauzwa mara moja. Elimu ya binti atakula nayo maisha yake yote.

Je, binti asifundishwe kushona? Afundishwe, tena mapema. Jumamosi akae na mama. Apange rangi, ahesabu vipande, apime kwa rula. Hesabu ya vipande 80 ni hesabu ya shule ile ile. Na mtoto wa kiume naye afundishwe. Mafundi wengi wa mijini ni wanaume, hakuna aibu yoyote.

Mteja naye aambiwe ukweli. Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

"Hodi hapa!"

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Lile blanketi langu tayari?"

"Bado mama. Juu nimemaliza, imebaki kushona tabaka zote pamoja."

"Mbona nasafiri keshokutwa! Si umwambie binti yako akusaidie kesho? Kwani siku moja ni nini?"

"Mama yangu, binti kesho ana shule. Tulipatana Jumapili, na Jumapili utalipata. Ukiwa umekwisha safiri, nitampa mjukuu wako akuwekee."

"Aa, ninyi mafundi wa siku hizi!"

"Tuwie radhi mama. Tarehe hii hapa kwenye daftari, na jina lako umeliandika mwenyewe."

"Haya basi. Jumapili. Nitamtuma huyo mjukuu."

Mteja atanuna kidogo. Lakini akiona tarehe imeandikwa, na Jumapili kazi iko tayari, mwaka ujao atarudi. Uongo wa "njoo kesho, njoo kesho" ndio unaofukuza wateja.

BEI IPANGWE KWA DAFTARI

Mafundi wengi wa vijijini huuza kwa hasara bila kujua. Sababu ni kwamba hawahesabu muda wao. Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kufanyia hesabu tu, wewe weka za kwenu.

Tuseme mama fundi ametumia hivi:
Mabaki ya vitambaa: Sh. 3,000
Blanketi la mtumba na shuka la chini: Sh. 5,000
Uzi na sindano: Sh. 2,000
Jumla: Sh. 10,000

Akiuza blanketi kwa Sh. 15,000 anafurahi, anasema amepata faida ya Sh. 5,000. Lakini ametumia saa 30. Gawanya 5,000 kwa 30. Ni kama Sh. 166 kwa saa moja. Hiyo ni faida kweli?

Akiuza kwa Sh. 25,000 atabaki na Sh. 15,000. Gawanya kwa 30, ni Sh. 500 kwa saa. Hapo angalau jasho limeanza kulipwa.

Kwa hiyo awe na daftari lenye safu nne: tarehe, kitu, pesa iliyotoka, pesa iliyoingia. Na nyuma ya daftari aandike saa alizofanya kazi. Hapa ndipo kisomo kinapolipa. Mama asiyeandika hukumbuka pesa iliyoingia na kusahau iliyotoka.

Tena afungue ukurasa mmoja aandike juu yake neno SHULE. Kila blanketi likiuzwa, sehemu ya pesa iandikwe na kuwekwa hapo. Januari ikifika, madaftari na viatu vya watoto havitamkuta anakopa.

WENZETU WA MBALI

Kazi hii siyo ya Magamba peke yake. Nchini India, katika jimbo la Karnataka, wako watu wanaoitwa Wasiddi. Asili yao ni Afrika, na wengi wanatokana na watu wa pwani hii yetu ya mashariki. Mababu zao walifika India zamani. Wengine walichukuliwa utumwani, wengine walikuwa mabaharia na askari. Akina mama wa Kisiddi wanashona mablanketi ya viraka kwa nguo zilizochakaa, nao huyaita kawandi. Hawatumii cherehani. Wanaanzia pembeni na kuzunguka kwa mkono, mshono juu ya mshono, mpaka wafike katikati. Kila pembe huwekwa viraka vidogo vilivyokunjwa, ambavyo wanaviita maua. Blanketi lisilo na maua hayo wao husema liko uchi. Kazi hii wanaifanya vipande vipande, katika nafasi zinazobaki baada ya shamba na nyumba. Mwaka 2004 baadhi yao waliunda ushirika ili wauze kazi zao.

Huko Marekani nako, katika jimbo la Alabama, kuna mahali panaitwa Gee's Bend. Akina mama weusi wa huko walikuwa wakishona mablanketi kwa nguo kuukuu za kazi za shamba, ili watoto wasipate baridi. Mwaka 1966 akina mama wa sehemu hizo waliunda ushirika wa kushona na kuuza. Mwaka 2002 mablanketi ya Gee's Bend yalionyeshwa katika jumba la makumbusho la sanaa mjini Houston, na watu walikuja kuyatazama kama wanavyotazama picha za wachoraji wakubwa.

Tunajifunza nini? Akina mama hao wote walianza na nguo kuukuu. Na kazi yao ilipanuka walipoungana.

KIKUNDI HUPUNGUZA MZIGO

Mama mmoja akiwa peke yake, siku ya mkutano wa shule kazi inasimama. Wakiwa watano, haisimami. Mmoja anakata, wawili wanaunganisha, mmoja anashona tabaka, mmoja anapeleka sokoni Mpanda mjini. Leo mkutano wa shule ni wa wazazi wa darasa la tatu, basi mwenye mtoto wa darasa la tatu anakwenda, wenzake wanaendelea. Kesho ni zamu ya mwingine. Cherehani moja inaweza kutumiwa na watu kadhaa, kama wana ratiba iliyoandikwa na kubandikwa ukutani.

Kikundi kilichosajiliwa kinaweza pia kuomba mkopo wa halmashauri. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Muulizeni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu awaeleze taratibu. Lakini mkopo ni deni. Kabla ya kukopa, andikeni mtauza nini, lini, na kwa nani.

Anayetaka kujifunza zaidi ushonaji anaweza kwenda Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Vyuo hivi vilianza mwaka 1975, na katika Mkoa wa Katavi kipo Chuo cha Msaginya. Hata mama aliyeacha shule zamani asione haya kuuliza.

TUKUMBUKE

1. Panga mambo ya shule kwanza, viraka viingie katika nafasi inayobaki.
2. Hesabu siku zako kabla ya kupokea kazi za watu.
3. Shona kidogo kila siku, usisubiri siku ya mwisho.
4. Mtoto asibaki nyumbani kushona siku ya shule.
5. Andika kila kitu katika daftari, pamoja na muda wako.

Basi, ndugu msomaji, tumerudi kwenye usemi wa wahenga. Ni kweli mshika mbili moja humponyoka, akivishika vyote kwa wakati mmoja. Lakini akijua kipi ni cha saa hii na kipi ni cha saa ile, mikono yake itatosha.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, ni kazi zipi huwafanya watoto wakose shule? Ni miezi gani hasa?

2. Blanketi lina vipande 9 kwa upana na 11 kwa urefu. Vipande vyote ni vingapi? Ukishona vipande 3 kwa siku, utamaliza kuunganisha kwa siku ngapi?

3. Mabaki ya vitambaa kwa mafundi wa kijiji chenu huishia wapi? Nani kati yenu atakwenda kuwauliza wiki hii?

4. Kila mmoja aandike ratiba ya siku yake moja. Je, umeona saa moja inayopotea bure?

Jibu la swali la 2: vipande 99, siku 33.